Kwa Masusu wa Kwa Vonza

Mwezi wa Julai, giza huingia Karen, Nairobi, likiwa na baridi yake. Saa moja usiku katika Makao ya Watoto ya Nyumbani ni saa ya dawa, na katika nyumba niliyokaribishwa, mama mlezi alikuwa ameshaketi mezani na daftari mbele yake, akiita jina mojamoja. Wadogo walikuja mbio. Mvulana mmoja wa miaka kama kumi na minne alijifanya hasikii. Aliinamia hesabu zake na kuivuta kofia ya jaketi hadi machoni. Mama hakupaza sauti. Aliwamaliza wengine, akachukua vidonge na bilauri ya maji, akamfuata, akachuchumaa kando ya kiti chake na kukaa hapo kimya. Ilichukua muda. Wenzake waliendelea na mambo yao, hakuna aliyegeuza shingo. Mwishowe kijana alinyoosha mkono, akameza, akarudi kwenye hesabu. Mama akainuka kwa kujishika goti, akaweka alama daftarini.

Watu wa namna hii ndio niliowafuata kutoka Tanga. Habari za Nyumbani zimeandikwa sana, tena kwa haki, kupitia kwa mwanzilishi wake, Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani aliyekuwa daktari wa upasuaji kabla ya kusomea magonjwa ya akili. Septemba 1992, akishirikiana na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto, alifungua nyumba ya watoto waliozaliwa na virusi vya Ukimwi wakaachwa. Wengi walikuwa wameachwa hospitalini, na makao mengine yaliogopa kuwapokea. Serikali ya Kenya ilikuja kuutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Mwaka 2001 Nyumbani ilitangaza kwamba itaagiza dawa za bei nafuu kutoka kampuni ya Cipla ya India, maana bei za zile zilizolindwa na hataza zilikuwa hazishikiki. Mwaka 2004, baada ya shauri kufika mahakamani, watoto wake waliokuwa wakikataliwa katika shule za umma walifunguliwa milango. Padri alifariki Novemba 2006. Yote hayo yana kumbukumbu zake. Aliyekuwa akiamka saa nane ya usiku kumbadilisha nguo mtoto anayehara hana kumbukumbu popote, na pasipo yeye hata dawa za Cipla zingewasili bila kumkuta wa kuzinywa.

Mlezi mmoja wa siku nyingi alinisimulia jinsi kazi ilivyombadilikia mikononi. Alipoanza, alifundishwa kuuguza: kusafisha vidonda vya mdomo, kumlisha asiyeweza kumeza, kumkalia mtoto hadi pumzi ya mwisho, kisha kurudi nyumba ileile na kuwaeleza waliobaki kwa nini kitanda kile ni kitupu. Makao yana makaburi yake ya watoto. Halafu dawa zikaja. Watoto waliotarajiwa kuzikwa wakaanza kurefuka, kuvunja ungo, kuota ndevu, kudai simu. Wanawake waliozoea kusindikiza majeneza madogo wakajikuta wakiitwa shuleni kwenye mikutano ya wazazi, wakigombana na mabinti juu ya urefu wa sketi. "Msiba tulikuwa tumeuzoea," alisema. "Kijana anayekuuliza kama ataoa, hilo hatukuwa tumefundishwa."

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto aliyefikia umri wa shule aelezwe hali yake. Makao yana washauri nasaha wanaoipanga siku hiyo, wakichagua hata meza na maneno. Lakini watoto hawaulizi ofisini. Huuliza taa zikishazimwa. Huuliza jikoni huku mikono iko kwenye beseni la viazi. Kwa hiyo swali la kwanza humwangukia mama wa nyumba. Kwa nini mimi nameza dawa na rafiki yangu wa darasani hamezi? Mama yangu alikufa kwa nini? Alijua? Walezi niliozungumza nao walikuwa na msimamo mmoja: usimdanganye, hata kama jibu la leo ni dogo, kwa sababu mtoto aliyedanganywa juu ya hilo haamini tena chochote utakachomwambia, pamoja na kumeza dawa. Niliuliza ni jambo gani limewapunguzia mzigo zaidi katika miaka ya karibuni, nikitegemea kusikia habari za fedha. Jibu lilikuwa kidonge. Sharubati ya lopinavir na ritonavir waliyokuwa wakipewa wadogo ni chungu kupita kiasi, na kila asubuhi na kila jioni ilikuwa ni kulia, kutema na kubembelezana. Mwaka 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuanza kutumia dolutegravir ya watoto, inayoyeyuka majini na yenye ladha ya stroberi. "Mtoto anaomba yake mwenyewe," mlezi aliniambia, na uso wake ulijaa furaha ambayo sijaiona katika ripoti yoyote ya afya.

Nilimwuliza na wanawe wa kuwazaa wako wapi. Wako Masii, Ukambani, akajibu, kwa mama yake. Mshahara anaoupata Karen kwa kulea watoto wa wengine ndio unaowasomesha wa kwake, ambao anawaona akiwa likizo.

Jibu hilo nililala nalo. Mpango wa nyumba ndogondogo, kila moja na mama yake, umetoka mbali. Makao ya George Müller pale Ashley Down, Bristol, yalikuwa majengo matano makubwa yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Thomas Barnardo alipofungua kijiji chake cha wasichana Barkingside mwaka 1876 aligawa watoto katika nyumba za kawaida zenye walezi wao, na mwaka 1949 Hermann Gmeiner akaanza kujenga kijiji cha kwanza cha SOS kule Imst, Austria. Kila hatua ilimsogeza mtoto karibu zaidi na mtu mmoja anayemjua kwa jina. Suala la zamu, hata hivyo, limebaki palepale. Mama wa kuajiriwa ana siku ya mapumziko, ana likizo, ana haki ya kupata kazi bora zaidi na kuondoka, na ana watoto Masii. Hapaswi kulaumiwa kwa lolote kati ya hayo. Mtoto naye, ambaye alishaachwa mara moja, hulihesabu kila begi linalobebwa kwenda getini. Ndiyo maana nilitaka kufika Kitui, ambako shirika hilohilo lilijaribu njia nyingine.

Gari lilishika barabara ya Mombasa hadi Kyumvi, likakata kushoto kuingia Machakos. Vilima vya Machakos vina matuta yaliyochimbwa kwa vizazi, moja juu ya jingine hadi kileleni, na mtu asiyejua Ukambani angeweza kudhani maji si tatizo huku. Baada ya Masii ardhi hubadilika. Vichaka huanza kuonyesha miiba, mito huwa mchanga mtupu, na kando ya barabara unaona punda wakiwa na madumu ya njano. Tulisimama Wamunyu kwa muda. Huu ni mji wa wachongaji. Ufundi wao unaanzia kwa Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga kwa Wazaramo alipopelekwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani. Mimi Mtanzania nilifurahi kukuta alama hiyo ya watu wetu mbali na pwani. Tukavuka mto Athi, tukawa Kitui. Desemba 1849 mmisionari Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mkuu wa wafanyabiashara wa Kikamba, alipouona Mlima Kenya na theluji yake. Siku niliyopita mimi kulikuwa na vumbi tupu.

Kwa Vonza, nilikoshuka, sasa ina chuo kikuu na hosteli zake za wanafunzi, vibanda vya kuchapisha karatasi, vijana wa bodaboda wengi kuliko abiria. Mmoja wao alinichukua hadi kijijini.

Kijiji cha Nyumbani kilianza kupokea familia mwaka 2006, Padri D'Agostino akiwa bado hai, katika ekari 1,000 zilizotolewa na baraza la kaunti la wakati ule. Ukimwi ulikuwa umefagia kizazi cha katikati. Walibaki wazee waliowategemea wana ambao hawapo tena, na watoto waliowategemea wazazi walewale. Kijiji kiliwaweka pamoja. Kila nyumba ina susu, ambalo ndilo jina la bibi kwa Kikamba, au mara chache umau, babu, pamoja na watoto wapatao kumi: wajukuu wake wa damu na wengine aliopewa. Kuna shule, zahanati, mafunzo ya ufundi na mashamba. Susu haji kwa zamu. Amehamia.

Susu aliyenipokea alikuwa amekaa chini ya mti akisuka kiondo, nyuzi za mkonge zikipita mapajani mwake bila yeye kuzitazama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kikamba changu ni salamu tu, kwa hiyo mjukuu wake wa kidato cha pili alitutafsiria. Aliniita mwiitu, binti, akanipa sinia la kunde nichambue, ndipo akaanza kuongea. Alizika watoto wake watu wazima kwa mfuatano, alisema, na baada ya wa mwisho hakutoka ndani kwa msimu mzima. Wajukuu ndio waliokuwa wakimpikia. Mkubwa wao alikuwa darasa la tatu. Ofisa wa ustawi alipomfikia kumwambia kuhusu kijiji, alikataa, kwa sababu kuondoka ni kuwaacha waliolala shambani kwake. Alikubali baada ya mvua kukosekana tena.

Walipomletea watoto wasio wake aliogopa kwamba moyo wake utachagua. Nilimwuliza aliufanyaje. Alicheka kidogo, akasema moyo hauulizwi. Unaanza na sahani. Kila sahani nyumbani mwake hupakuliwa yeye akitazama, na anayepakua hujipakulia mwisho. Kwa Wakamba mtoto hurithi jina la babu au bibi, na jina hilo huja na heshima na utani wake. Watoto waliokuja bila ndugu aliwapa nafasi ndani ya utani huo: huyu ni mume wangu, huyu ni shemeji, yule mkali ni mama mkwe. Kutwa nzima nilisikia akiwaita hivyo, na wao wakiitika. Mdogo aliyeitwa mama mkwe alikuja kumshitakia mwenzake kwa ukali unaofaa cheo.

Jioni tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda na kupikwa na kunde, chakula kinachochukua mchana mzima jikoni na ambacho nitakisifu popote. Kisha sala. Nyumbani ni taasisi ya Kikatoliki, lakini masusu wanatoka makanisa mbalimbali, na sala ya nyumba ile ilikuwa ndefu, ya mtu anayezungumza na aliyezoeana naye. Aliwataja watoto wote kwa majina, waliopo na waliohitimu wakaondoka. Aliwataja na wanawe waliokufa. Mmoja wa wavulana wadogo alisinzia begani mwangu, na hakuna aliyemwamsha hadi "Amina". Sikuwahi kuona imani ikifanya kazi waziwazi kiasi hicho: mwanamke aliyeporwa karibu kila kitu, akiwaombea kumi kwa zamu bila kuruka hata mmoja.

Wafanyakazi wa kijiji ni wengi na kazi zao hazifanani: wauguzi, washauri nasaha, maofisa ustawi, walimu, wataalamu wa kilimo. Nilitaka kujua wanaishije na masusu, maana mmoja ana cheti na mwingine ana miaka sabini. Mfano mzito ni fimbo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na makao yoyote ya watoto lazima yafuate hilo. Masusu wengi walilelewa kwa fimbo na wakalea kwa fimbo. Nilikaa katika kikao kimoja ambapo ofisa kijana, ambaye masusu wote pale wangeweza kumzaa mama yake, alipaswa kulizungumzia. Alichukua kigoda cha chini kabisa. Aliwaomba waeleze kwanza kila mmoja anakumbuka nini kuhusu fimbo aliyopigwa yeye, na mazungumzo yalikwenda saa nzima kabla hajataja Katiba. Mmoja alikumbuka kosa alilopigiwa akiwa mtoto, na kwamba hakulitenda. Bado alikuwa na hasira nalo. Baada ya hapo kijana hakuwa na mengi ya kuongeza.

Elimu hupita upande wa pili pia. Muuguzi alinieleza kwamba kipimo cha wingi wa virusi kikipanda, zahanati hujua kuna dozi zinazorukwa, lakini kipimo hakisemi kwa nini. Susu ndiye anayejua kwamba kijana ameacha kucheza mpira tangu Jumapili, kwamba kuna barua imefika kutoka kwa shangazi, kwamba halali. Muuguzi huanza na susu kabla ya kumwita kijana. Nimefanya kazi na vituo vya watoto nchini kwetu ambako mlezi hukabidhiwa maagizo tu na haulizwi anachokiona, na naamini hapo ndipo vituo vingi vinapojinyima macho.

Fedha ni hofu ya kila siku. Kijiji kimepanda mukau, mti wa nchi kavu unaotoa mbao nzuri baada ya miaka kumi hivi hadi kumi na mitano, kwa matumaini kwamba siku moja msitu utalipa sehemu ya gharama. Ni mpango wa watu wenye subira. Wakati huohuo wafadhili huchoka, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wanaotegemea dawa za kila siku walishikwa na wasiwasi kote Kenya, watoto wa Nyumbani wakiwamo. Vituo vingine hupunguza walezi kwanza pesa zikipungua. Ningependa wahasibu wa mashirika yote ya Kikristo wasikie hili: mpokea wageni anaweza kusubiri, picha za kalenda zinaweza kusubiri, mlezi hawezi.

Na sheria nayo inasogea. Novemba 2017 Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa miaka kumi uliozinduliwa mwaka huohuo zinataka watoto warudishwe kwenye familia, za damu au za kambo, na makao yabadilike kuwa vituo vya kusaidia familia. Nakubaliana na mwelekeo huo kwa moyo wote. Watoto wengi walio katika makao wana ndugu, na umaskini pekee haupaswi kumtenganisha mtoto na bibi yake. Ila serikali ikimrudisha mtoto kwa bibi, imrudishe pamoja na kitu. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Susu niliyekula kwake ana vinywa kumi. Mama wa Masii, anayewalea watoto wa mlezi wa Karen, huenda naye amefikia umri huo. Sijui kama ameandikishwa.

Vilevile kuna maarifa ambayo hayapaswi kupotea mageti yakifungwa. Yule anayejua kumsubiri kijana hadi anyooshe mkono, anayejua kwamba upendo unaanza na sahani, huyo ndiye angepaswa kuwa mkufunzi wa familia za kambo nchini kote, akilipwa kwa kazi hiyo. Nilimwambia hivyo mmoja wa maofisa. Alisema wameanza kuliongea, na kwamba masusu wenyewe wameuliza nani atawalipia nauli.

Kwa Wakamba ardhi ni ya ukoo, na yatima aliyekaa mbali mno na kwao hurudi akakuta mpaka umesogezwa. Kwa hiyo kazi moja ya maofisa ustawi ni kumrudisha mtoto nyumbani kwao mara kwa mara, akiwa bado mdogo, aonekane, akae msibani na arusini, wajomba na baba wadogo wamzoee. Siku niliyoondoka nilipanda gari moja na ofisa aliyekuwa na safari hiyo. Shule zilikuwa karibu kufungwa, na alikuwa anamtafuta baba mdogo wa mvulana fulani, anayesemekana yuko upande wa Mutomo, kusini kabisa, amwulize kama atampokea kwa likizo ya Agosti. Alikuwa na jina moja tu, namba ya simu isiyopatikana, na jina la shule ya msingi ambayo huenda ipo jirani. Nilimwuliza akimkosa atafanyaje. Atamwuliza chifu, akasema. Chifu asipojua, ataulizia kanisani. Kanisani wasipojua, kuna siku ya soko. Mjini Kitui alishuka, akafunga mkoba wake kifuani, akaenda kupatana bei na dereva wa gari la Mutomo, ambaye alitaka nauli ya watu wawili kwa sababu siti ya mbele ndiyo pekee iliyobaki. Alikataa katakata, akapandishwa kwa nauli ya mmoja.